Skopu mbili, meza moja: shajara ya karakana ya Ngamiani

Jumamosi, 3 Mei

Basi la Dar limeingia saa kumi jioni, mvua ya masika inapiga, lakini mzigo wangu umeshuka mkavu. Nimeufunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira na kuusukuma taratibu hadi karakanani. Ndani yake ni oskiloskopu (skopu, mashine inayochora volti kama mstari kwenye skrini kadiri muda unavyokwenda) ya pili ya karakana hii: Rigol DS1054Z, chaneli nne (njia za kuingizia mawimbi ya kupimwa), skrini ya rangi ya inchi 7. Imetumika, ila skrini haina mkwaruzo na nobu zote, vile vishikizo vya kuzungusha, zinazunguka laini. Nimeiweka kando ya ile kongwe, Tektronix TDS 210, chaneli mbili, skrini isiyo na rangi, ambayo nimekula nayo riziki miaka tisa sasa.

Mradi wenyewe ni huu. Ndani ya wiki tatu nataka kuzijua skopu zote mbili nobu kwa nobu, kisha niamue wanafunzi wangu wawili waanze kujifunzia ipi. Mwisho niandike karatasi ya Kiswahili ya kubandika ukutani, kwa sababu vitabu vyake ni vya Kiingereza na vijana wanavisoma kwa kubahatisha. Kazi ya kupimia tayari ipo: inveta (mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya mama mmoja anayeuza samaki Deep Sea, anayetegemea friza moja. Imeunguza mosfeti, swichi zake za kielektroniki, mara tatu.

Nimeanza na namba zilizoandikwa usoni. Kongwe: megahezi 60 (kasi ya wimbi inayoweza kuiona), gigasampuli 1 kwa sekunde (nukta bilioni moja za kupimia). Mpya: megahezi 50, gigasampuli 1 kwa sekunde. Kijana akasoma, akasoma tena, akaniangalia.

"Mjomba, umenunua iliyo ndogo kuliko ya zamani?"

Swali la haki kabisa, na nimemwambia aliandike kwenye daftari lake. Sikutaka kumjibu kwa maneno. Nikamwongezea mzigo juu ya swali lake: kongwe inatoa gigasampuli moja kwa kila chaneli, wakati mpya inazigawa. Ukiwasha chaneli moja unapata 1, ukiwasha mbili kila moja inapata nusu, ukiwasha tatu au nne kila moja inabaki na megasampuli 250. Na zote mbili zinapima kimo cha volti kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu kwa jumla. Kwa hesabu za usoni, kongwe ndiyo mshindi.

Jumatatu, 5 Mei

Leo hatukupima chochote cha maana. Tumeshughulika na mikono.

Kwenye kongwe, kila chaneli ina nobu zake mbili: POSITION ya kupandisha na kushusha mstari, VOLTS/DIV ya kukuza na kupunguza. Katikati kuna SEC/DIV ya muda, kulia kabisa LEVEL ya triga, yaani kimo cha volti ambacho wimbi likikifikia skopu inaanza kuchora. Binti, ambaye ana miezi miwili tu hapa, alizishika zote ndani ya robo saa bila kuniuliza. Nobu ina kazi moja, nayo iko palepale kila siku. Mkono unakariri kama unavyokariri njia ya kwenda kisimani usiku.

Kuna nobu moja tu inayobadilika, na imetula saa nzima. Tulizungusha LEVEL, mshale wa triga haukwenda popote. Nikafikiri chumvi ya bahari imeshaila ndani, maana hapa Tanga upepo wa kusi hauachi kitu cha chuma salama. Kumbe ndani ya HORIZONTAL MENU kuna mstari unaoamua nobu ya triga ifanye kazi ya LEVEL au ya HOLDOFF, na mtu aliiacha kwenye HOLDOFF. Hiyo HOLDOFF ni muda ambao skopu inakataa kuanza kuchora upya baada ya kuchora mara moja. Inafaa sana kwa mawimbi yanayokuja kwa makundi, ila ukiwa hujui imewashwa utadhani mashine imekufa. Nimeiandika kwa wino mwekundu kwa ajili ya karatasi ya ukutani.

Mpya ina tabia nyingine. Chaneli nne zinatumia jozi moja ya nobu za wima. Lazima kwanza ubonyeze kitufe cha chaneli, kiwake, ndipo uzungushe. Binti alitaka kukuza chaneli ya 2 na akaipeperusha ya 4 nje ya skrini, mara tatu mfululizo, hadi akakasirika. Nikamwambia arudie kwa sauti: "Bonyeza, tazama taa, zungusha." Kufikia adhuhuri alikuwa hasemi tena, mkono ulikuwa unasema wenyewe.

Nilichokipenda kwenye mpya ni kwamba nobu zake zinabonyezeka. Ukibonyeza POSITION mstari unarudi katikati. Ukibonyeza nobu ya volti inabadilika kati ya hatua kubwa na hatua ndogondogo. Ukibonyeza ile ya muda, skrini inagawanyika: juu wimbi zima, chini kipande ulichokikuza. Hiki cha mwisho ni hazina, nitakirudia. Kongwe nayo ina SET LEVEL TO 50%, kitufe cha kuipeleka triga katikati ya wimbi, na kwa mwanafunzi kitufe kimoja chenye jina lake ni rahisi kuliko nobu yenye siri ndani.

Upande wa vipimo vya mistari, yaani kaso, kongwe inanipendeza zaidi. Ukifungua CURSOR, zile nobu mbili za POSITION zinageuka kuwa za kaso, kaso ya kwanza mkono wa kushoto, ya pili mkono wa kulia. Unapima kama fundi cherehani anavyoshika futi kwa ncha zote mbili. Kwenye mpya unatumia nobu moja ya shughuli zote, unachagua A, unasogeza, unachagua B, unasogeza. Inafika, ila mkono mmoja unabaki bila kazi.

Jumatano, 7 Mei

Probu, yaani waya za kupimia zenye ncha. Zile za kongwe nilizichomeka kwenye mpya, na wimbi la mraba la kilohezi 1 linalotoka kwenye kijisahani cha majaribio likaonekana na pembe zilizochongoka kupita kiasi. Tundu la kongwe lina kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ya pikofaradi 20, la mpya 15, kwa hiyo probu iliyosawazishwa huku haiko sawa kule. Tumezungusha skrubu ya probu kwa bisibisi ya plastiki hadi pembe zikawa za mraba kweli. Pembe ya mviringo maana yake fidia, yaani kule kusawazisha, haijatosha. Pembe yenye pembe nyingine juu yake maana yake imezidi. Nimefunga uzi wa kijani kwenye probu za mpya zisichanganyike.

Alhamisi, 8 Mei

Inveta imefunguliwa. Betri ya volti 24, daraja la kona nne lenye mosfeti tatu kila kona, transfoma kubwa ya mviringo, na bodi ndogo ya kuongozea ya EGS002 yenye chipu EG8010. Chipu hiyo inatumia kristali ya megahezi 12 kama saa yake na inatoa mapigo ya kilohezi 23.4 kwa mkono mmoja wa daraja, yaani kona mbili za upande mmoja, ya juu na ya chini. Upana wa mapigo unabadilika polepole ili yakichujwa yatoe wimbi laini la saini (sine), kama la umeme wa ukutani. Mkono wa pili unabadilika kwa hezi 50 tu. Nimetoa mosfeti zilizoungua na kuweka mpya, lakini badala ya betri nimeilisha kwa pawa saplai ya mezani iliyofungwa ampia 1. Ikitaka kuunguza, haitapata nguvu ya kuunguza.

Kisha nikamwachia kijana kongwe na kutoka kwenda kuswali. Niliporudi nimemkuta anatafuta kristali kwenye boksi la vipuri.

"Mjomba, kristali imekufa. Chipu inatoa kilohezi 1.6."

Kwenye daftari lake: pigo moja kila mikrosekunde 625. Nikatazama skrini. Meno safi, yamepangana, kaso mbili zimekaa juu yake sawasawa. Mtu yeyote angeamini. Binti akasema kwa sauti ya chini kwamba asubuhi yeye alipima mikrosekunde 43 kwenye pini ileile. Wakaanza kubishana, nikawanyamazisha, maana wote wawili walikuwa wamepima kwa uangalifu.

Nimemwuliza kijana amefanya nini, hatua kwa hatua. Alitaka kuona mzunguko mzima wa hezi 50, kwa hiyo aliweka SEC/DIV kwenye milisekunde 10. Akabonyeza RUN/STOP picha isimame. Akakuza kwa kuzungusha SEC/DIV hadi meno yakaonekana vizuri. Kila hatua ina akili. Tatizo liko kwenye kumbukumbu.

Tulikaa chini na kalamu. Skrini ya kongwe ina viboksi 10 kwa upana. Milisekunde 10 mara 10 ni milisekunde 100. Kumbukumbu yake ni nukta 2,500 kwa kila chaneli, basi. Nukta 2,500 ndani ya milisekunde 100 ni nukta 25,000 kwa sekunde, yaani nukta moja kila mikrosekunde 40. Ile gigasampuli moja iliyoandikwa usoni haipo tena hapa. Skopu imelazimika kupunguza mwendo ili nukta zake chache zitoshe kuufunika muda mrefu ulioombwa.

Sasa, pigo la kweli linakuja kila mikrosekunde 42.7. Nikawapa mfano wa mtoto anayekimbia kuzunguka nyumba. Anamaliza mzunguko kwa mikrosekunde 42.7, na wewe unafungua dirisha kila mikrosekunde 40. Kila ukifungua, unamkuta hajafika pale ulipomwona mwanzo, yuko nyuma kidogo. Ukifungua tena, yuko nyuma zaidi. Kwako wewe uliye ndani, mtoto hakimbii hata kidogo: anatembea kinyumenyume, taratibu, na atamaliza nyumba nzima baada ya wewe kufungua dirisha karibu mara 16. Mara 16 zenye mikrosekunde 40 ni karibu 625. Hiyo ndiyo namba iliyomo kwenye daftari.

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ninalotaka kila mwanafunzi wangu aulize: atajuaje siku nyingine, akiwa peke yake, bila binti aliyepima asubuhi?

Tumepata njia mbili na kuzijaribu hapohapo. Ya kwanza: skopu ikiwa inaendelea kupima, zungusha SEC/DIV. Wimbi la kweli linabaki na masafa yaleyale, linanyooka na kubanana tu. La uongo linabadilisha namba kila hatua, leo 1.6, hatua inayofuata kitu kingine kabisa. Ya pili: ingia ACQUIRE, chagua Peak Detect. Hapo skopu inapima kwa kasi na kushika ncha ya juu na ya chini ndani ya kila kipindi. Tulipoichagua meno yote yalipotea, skrini ikajaa mkanda mzito toka juu hadi chini. Mkanda huo haukuambii masafa, lakini unakuambia kwamba ndani yake kuna kitu kinachokimbia kuliko nukta zako. Inatosha kukufanya ushike SEC/DIV na kwenda kwenye mikrosekunde 10, na hapo mapigo ya 42.7 yakajitokeza.

Kristali imerudishwa kwenye boksi.

Jumamosi, 10 Mei

Mzee aliyeniuzia kongwe amepita, kama anavyopita Jumamosi nyingi akitoka sokoni Mgandini. Maisha yake yote alitengeneza redio za meli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umeleta mke mwenza."

Vijana walimsimulia kisa cha meno ya uongo, naye akatikisa kichwa. Akasema skopu aliyoanzia kazi, ile ya bomba la kioo, isingewafanyia hivyo. Amesema kweli. Katika ile, elektroni zenyewe zinapinda kwa volti unayoipima na kugonga kioo kinachong'aa, hakuna anayefungua na kufunga dirisha. Pigo lililo haraka mno kwa muda uliochagua linaonekana kama mwanga uliotandaa, na pale linapopita mara nyingi panang'aa zaidi. Fundi wa zamani alisoma mwanga huo kama sisi tunavyosoma namba.

Nikamwonyesha kwamba mpya imerudi kwenye tabia hiyo. Inachora mawimbi hadi 30,000 kwa sekunde na kuyapandanisha kwa ngazi za mwanga. Tulipozungusha mwanga wa wimbi, pigo moja la ajabu lililokuwa linatokea mara chache likaonekana kama kivuli chembamba nyuma ya mengine. Kwenye kongwe kivuli hicho hukioni isipokuwa uwashe Persist, inayoacha michoro ya nyuma ibaki kwenye skrini, na kusubiri. Mzee aliinama karibu kabisa na skrini, miwani ikashuka puani.

Kabla ya kuondoka ametukumbusha jambo la ethi, na nimefurahi limetoka kinywani mwake. Vibanio vyote vya ethi vya skopu vimeungana ndani, na vimeungana na ethi ya plagi. Ukiwa na probu nne huna ethi nne, unayo moja yenye mikia minne. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo, nilibana ethi upande wa moto wa pawa saplai ya televisheni na waya wa probu ukayeyuka mkononi. Volti 230 za ukutani zikinyooshwa zinafika karibu 325, hazisamehi. Inveta hii tunaweza kuipima kwa usalama upande wa mosfeti kwa sababu tunabana kwenye hasi ya saplai ya volti 24 isiyogusana na ethi. Upande wa pili wa transfoma, palipo na volti 230, hakuna kibanio kitakachogusa. Nimemwona binti akichora mstari mwekundu kwa kalamu ya maki juu ya meza, upande huu na upande ule. Uachwe hapohapo.

Jumanne, 13 Mei

Siku ya mpya.

Chaneli ya 1 na ya 2 tumezipeleka kwenye mapigo yanayoingia kwenye draiva (sehemu inayosukuma mosfeti) ya mkono wa kasi, ya juu na ya chini. Chaneli ya 3 kwenye geti, mguu unaowasha na kuzima mosfeti, la kona ya chini ya mkono huohuo. Chaneli ya 4 kwenye mkono wa hezi 50, na triga tumeiweka hapo.

Hili la triga ndilo lililokuwa likiwasumbua. Ukiiweka triga kwenye mapigo yenye upana unaobadilika, picha inatetemeka, kwa sababu kila pigo ni sababu tosha ya kuanza kuchora. Kitufe cha AUTO, kinachoipanga skopu chenyewe, nacho hakikusaidia, kilituletea fujo. Ukiiweka kwenye mkono wa polepole, skopu inaanza palepale kila mzunguko na mapigo yote yanatulia, membamba pembeni na manene katikati. Kongwe nayo inaweza hili kwa ujanja: ina tundu la EXT TRIG, unachomeka mkono wa polepole hapo, chaneli mbili zinabaki huru, na ukishikilia kitufe cha TRIGGER VIEW unaliona hata wimbi lenyewe la triga. Ni kama jicho la tatu. Mpya haina tundu hilo, unatoa chaneli moja kati ya nne. Kwa fundi mwenye skopu ya chaneli mbili, tundu hilo ni mali.

Kisha kumbukumbu. Mpya imenunuliwa ikiwa na nukta milioni 12, zinagawanywa kwa chaneli: zote nne zikiwaka, kila moja inapata milioni 3. Sikuiacha kwenye Auto, nimeingia ACQUIRE na kuchagua 3M mwenyewe. Milisekunde 10 kwa kiboksi, kama alivyofanya kijana Alhamisi. Skrini hii ina viboksi 12, kwa hiyo milisekunde 120. Nimempa kijana kalamu afanye hesabu mwenyewe. Milioni 3 gawanya kwa milisekunde 120: nukta milioni 25 kwa sekunde. Nukta moja kila nanosekunde 40.

Akaandika chini ya hesabu ya Alhamisi. Kongwe, mikrosekunde 40. Mpya, nanosekunde 40. Namba ni ileile, kipimo kimeshuka mara elfu moja. Akarudi nyuma kwenye ukurasa wa kwanza, pale alipoandika swali lake la megahezi 50 na 60, na akajijibu kwa maandishi yake mwenyewe: jicho halikukua, kilichokua ni daftari la skopu.

Tukabonyeza SINGLE, skopu ichukue picha moja na kusimama, kisha nobu ya muda, skrini ikagawanyika. Juu mizunguko sita ya hezi 50, chini pigo moja moja. Tulitembea ndani ya picha hiyo kama mtu anayekagua shamba mstari kwa mstari. Kati ya mosfeti ya juu kuzimwa na ya chini kuwashwa lazima kuwe na pengo, la sivyo zote mbili zinawaka kwa pamoja na betri inapiga shoti kupitia kwao. Kwenye chaneli ya 1 na ya 2 pengo lilikuwepo, nukta saba hivi, na tulipopima upya kwa nanosekunde 200 kwa kiboksi likatoka 300 kamili. Chipu haina kosa.

Chaneli ya 3 ndiyo iliyosema. Mistari ya 1 na 2 inaanguka wima kama ukuta. Mstari wa geti ulikuwa unateremka kama ufuko wa Raskazone maji yakitoka, polepole, kwa mzingo. Toka volti 12 hadi chini ya volti 4, ambapo mosfeti ndiyo inafunga, yaani inazima, ilichukua karibu nanosekunde 900. Pengo ni 300. Kwa hiyo kwa karibu nusu mikrosekunde na zaidi, mara 23,400 kila sekunde, kona ya chini ilikuwa bado haijafunga huku ya juu ikifunguka.

Binti ndiye aliyegeuza bodi na kuleta taa. Rezista tatu za geti kwenye kona hiyo, pete zake: kahawia, nyeusi, kahawia. Kona nyingine: kahawia, nyeusi, nyeusi. Omu 100 mahali pa omu 10. Pete moja ya tatu, na kwenye rezista ndogo iliyopata moto kahawia na nyeusi zinakaribia kufanana. Aliyeziweka alifanya hivyo kabla inveta haijafika kwangu. Lakini mara ya tatu ilipoungua, mimi ndiye niliyekuwa nimebadilisha mosfeti bila kupima geti za kona zote. Mosfeti za safari hii nalipia mimi, na nimempigia mama simu kumweleza hivyo.

Alhamisi, 15 Mei

Rezista za omu 10 zimewekwa, zote 12 zimepimwa kwa mita moja baada ya nyingine. Pengo la chipu nimelihamisha kutoka nanosekunde 300 hadi mikrosekunde 1 kwa kubadilisha viunganishi vya lehemu kwenye bodi. Inaruhusu 300, 500, mikro 1 na mikro 1.5, na kwa mosfeti tatu sambamba kwenye kona moja sitaki kubanana. Geti sasa linafunga ndani ya nanosekunde 90 hivi.

Nikamwomba kijana apime jambo hilohilo kwa kongwe. Nanosekunde 250 kwa kiboksi, dirisha ni mikrosekunde 2.5, nukta 2,500: nukta moja kila nanosekunde. Hapa kongwe ilikuwa na kasi mara nne ya mpya yenye chaneli nne zikiwaka. Picha ya geti ilikuwa safi na thabiti. Nimefurahi alikiona hiki kwa macho yake mwenyewe, maana Jumanne alitaka kuifunika kongwe kwa kitambaa.

Jioni tumeirudisha betri na kuweka hita ya kilowati 1 kwa nusu saa. Bati la mosfeti limepata joto la kiganja kuvumilia. Nusu saa nyingine, hivyohivyo.

Jumatano, 21 Mei

Friza ya Deep Sea imefanya kazi siku tano. Mama ametuma changu wawili kwa binti, akisisitiza ni kwa binti.

Karatasi ya ukutani imekamilika na nimeamua utaratibu. Wanafunzi wataanza na kongwe, miezi miwili, kitufe cha AUTOSET, kinachoipanga skopu chenyewe, kikiwa kimezibwa kwa plasta. Wajifunze wima, muda na triga pale ambapo kila nobu ina kazi moja na mkono unaweza kuikariri. Sheria moja ipo juu kabisa ya karatasi: kabla ya kuamini masafa yoyote, gawanya 2,500 kwa muda wote wa skrini, kisha jiulize kama nukta hizo zinatosha. Ziwe angalau mara tano ya masafa unayotafuta, vinginevyo Peak Detect. Upande wa mpya nimeandika bonyeza-tazama-zungusha, idadi ya nukta kwa idadi ya chaneli, na namna ya kukuza baada ya SINGLE. Somo la kusoma ujumbe ambao chipu zinatumiana nimeliacha kwanza, hakuna kazi yake hapa kwa sasa.

Kuhifadhi picha, mpya inachomekwa flashi mbele. Kongwe bila moduli yake ya mawasiliano haina pa kutolea, kwa hiyo tunapiga picha skrini kwa simu, taa ya dari ikiwa imezimwa. Nimeweka faili la picha 14, kila moja ikiwa na muda kwa kiboksi na idadi ya nukta chini yake kwa mwandiko wa kijana.

Ya kwanza kwenye faili ni ile ya Alhamisi, meno ya mikrosekunde 625, na pembeni yake ya mikrosekunde 42.7 kutoka pini ileile. Leo asubuhi amekuja mwanafunzi mpya kutoka Makorora, nimemkuta binti amemsimamisha mbele ya hizo mbili na kumpa kalamu.